Kila asubuhi ananisubiri ubavuni mwa pantoni

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Ninaandika usiku, taa nimeifunika kwa khanga ili shangazi yangu asijue kwamba sijalala, na ninakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaamua kwamba aliyeiandika amerukwa na akili. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, Mwislamu, asili yangu Pangani kwa upande wa mama, na sasa ninaishi Kigamboni, sehemu za Tungi. Ninafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja maeneo ya Posta, kwa hiyo kila siku ya kazi ninavuka kwa pantoni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliolewa nikiwa na miaka 25, na baada ya miaka sita nikapewa talaka. Katika ndoa hiyo mimba ziliniharibikia mara mbili, zote zikiwa zimeingia mwezi wa tano, na baada ya hapo sikushika nyingine.

Ilikuwa mwaka 2023, msimu wa kusi, wakati MV Magogoni ilipokuwa imepelekwa Mombasa kwa matengenezo na sisi abiria tukibanana katika vivuko vilivyobaki. Asubuhi hiyo nilisukumwa mpaka ubavuni, upande unaotazama mlango wa bandari, mahali ambapo mawimbi hurusha maji juu ya watu. Mwanaume mmoja aliyevaa kanzu nyeupe akasogea, akasimama kati yangu na upepo, akasema kwa sauti ya chini, "Simama nyuma yangu." Nilinusa udi. Tulipofika upande wa pili, watu wote wa ubavu ule walikuwa wanakung'uta maji kwenye nguo zao, na kanzu yake ilikuwa kavu kama iliyotoka kupigwa pasi. Nilipogeuka kumshukuru, mlango ulikuwa umeshateremshwa, umati umemmeza.

Kesho yake alikuwa palepale, na keshokutwa vilevile. Mama, kivuko kile hakimalizi hata dakika kumi, lakini dakika hizo zimekuwa ndiyo siku yangu. Saa zilizobaki nazihesabu tu. Anazungumza Kiswahili kama cha wazee wetu wa Pangani, hana simu, na sijawahi kumwona akisalimiana na mtu mwingine. Nilipomwuliza kwao, alinyoosha mkono kuelekea nje ya mlango wa bandari, upande wa visiwa vya Makatumbe, ambako mimi ninajua mnara wa taa tu. Jina langu alilijua kabla sijamwambia. Siku nyingine aliniita kwa jina la utani ambalo marehemu mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa akiniita, na hakuna mtu aliye hai ambaye nimewahi kumtajia. Mwezi wa Rajabu alinipa kikuba cha asumini na rehani. Nilikiweka kwenye mkoba, na siku ya tisa kilikuwa bado kinanukia kana kwamba kimefungwa alfajiri ile.

Baada ya kikuba akaanza kunijia usiku. Ninazinduka nikiwa chali, macho yapo wazi, siwezi kuinua hata kidole, na ninahisi uzito kifuani na harufu ya udi chumbani. Mwanzoni niliogopa. Siku hizi ninalala mapema kwa makusudi.

Shangazi alinusa udi kwenye nguo zangu, ilhali nyumbani hatufukizi, akanihoji mpaka nikasema yote. Akalia. Akaniambia kwamba bibi yangu alikuwa kiti wa ruhani, yaani mtu anayepandwa na pepo kichwani, kwamba huyu ni jini mahaba aliyenipenda tangu utotoni, na kwamba ndiye aliyezila mimba zangu kwa wivu na kuivunja ndoa yangu. Amenipeleka kwa mganga, ambaye anataka shilingi 800,000, beberu mweusi, na nilale kilingeni kwake siku saba. Baba mdogo, ambaye hataki kusikia habari za waganga, amepokea posa ya mwalimu mmoja aliyefiwa na mke, mwenye watoto wawili, na wote wanasubiri jibu langu.

Wiki iliyopita yule wa pantoni naye amenichumbia. Ametaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya Isha, niende ufukweni upande wa Mjimwema, peke yangu, nimevaa nguo nyeupe, na nisimwambie mtu yeyote. Nimemwambia nitafikiri. Mama, sijawahi kupendwa hivi. Mume wangu wa zamani aliishi nami miaka sita na hakuwahi kusimama kati yangu na upepo. Je, ni dhambi? Ni ugonjwa? Na kama ni jini kweli, je, mtu hawezi kupendwa na jini akabaki salama?

Mvukaji, Kigamboni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mpaka mwisho, kisha nikairudia, na sikuona ndani yake mtu aliyerukwa na akili. Nimemwona mwanamke anayesimulia kwa utaratibu, anayekumbuka upepo ulitoka wapi na nani alilowa, na anayeuliza maswali matatu mazito katika mstari mmoja. Kama nimekuelewa, una mapenzi yaliyozaliwa na kukua katika dakika zisizofika kumi kwa siku; una jina ambalo shangazi ameyapa mapenzi hayo, na jina hilo limerudi nyuma likachukua na misiba yako ya zamani; una mganga, una posa, na una miadi ya usiku ufukweni. Kila mmoja kati ya hao anataka jibu lake, na sijaona mahali popote katika barua ambapo mtu amekuuliza wewe unataka nini.

Niruhusu nianze na alama zenyewe, kwa sababu ndizo zilizokushika. Umesema hana simu, hasalimiani na mtu, na hutoweka mlango ukiteremshwa. Mimi nami nimevuka pale Magogoni miaka mingi. Nauli hulipwa kabla mtu hajaingia kwenye banda la kusubiria, kwa hiyo si rahisi kumwona mwenzako akilipa, na mlango ukishagusa nchi kavu, wauza samaki na ndoo zao, wanafunzi, bodaboda na maguta hutoka kwa mkupuo mmoja, hata ndugu walioshikana mikono hupoteana. Jina lako alilijua. Je, siku zile hukuwa umevaa shingoni kitambulisho cha kazi, kama wavaavyo watu wengi wa maofisi ya Posta? Sikuulizi ili nikukosoe. Nauliza kwa sababu moyo ukishaamua kwamba jambo ni la ajabu, huacha kuyatafuta yale ya kawaida.

Lakini sitakudanganya kwamba nimeyamaliza yote. Kikuba nimekifunga tangu nikiwa mwari, na kikitunzwa vizuri hukaa siku mbili, pengine tatu. Siku tisa sijaziona. Kanzu kavu sina la kusema juu yake. Na jina alilokuita marehemu mama yako, hilo nimelitafakari usiku mzima, nikabaki nalo mkononi. Huenda ulimtajia mtu ukasahau, huenda mama alilitamka mbele ya jirani, huenda sivyo. Nakuachia likiwa wazi kama lilivyo kwako.

Kuhusu usiku, naweza kusema zaidi kidogo. Hali ya kuzinduka ukiwa chali, macho wazi na mwili umefungwa, huku kuna uzito kifuani, wazee wetu waliiita jinamizi, na madaktari wanaifahamu vizuri. Mtu anapoota, mwili hulegezwa ili asiinuke na kutenda ndoto yake. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na katika muda huo mfupi mtu huona, husikia na hata kunusa vitu kwa uhakika wa mchana. Huwapata zaidi wanaokosa usingizi na wanaolala chali. Wewe unaandika barua usiku wa manane na alfajiri unawahi pantoni. Jaribu kulala kwa ubavu kwa majuma mawili, ukitimiza saa zako, uone kama atakuja. Kufanya hivyo si kumfukuza. Anayekuja kwa hiari yake hazuiwi na mto.

Sasa nifike mahali ambapo barua yako iliniuma. Umeandika kwamba mimba mbili ziliharibika, zote katika mwezi wa tano, kisha ukapita upesi kama mtu anayevuka kaburi. Shangazi yako, kwa mapenzi na kwa hofu, amekupa maelezo: jini alizila. Ninajua kwa nini maelezo hayo yanashika. Mwanamke aliyepoteza mtoto mara mbili bila kuambiwa sababu hujiuliza amekosa nini, na jina la jini humwondolea lawama hiyo. Lakini tazama pia yanakofika. Yanamfanya huyu unayempenda kuwa mwuaji wa watoto wako, na sioni kama umelikabili hilo. Ukiamini maneno ya shangazi nusu ya kwanza, kwamba ni jini mahaba, unawezaje kuiacha nusu ya pili? Na kama nusu ya pili huiamini, kwa nini ya kwanza uibebe nzima?

Ipo sababu nyingine ambayo pengine hukuambiwa. Mimba zinazotoka kwa mfano mmoja katikati ya safari, baada ya miezi mitatu ya kwanza, huweza kutokana na mlango wa kizazi kulegea mapema, na wanawake wenye tatizo hilo huweza kushonwa mlango huo mimba ikiwa na wiki 12 hadi 14 hivi, wengi wao wakabeba mpaka mwisho. Sisemi kwamba ndicho kilichokupata. Sijui hata kama ulipimwa, wala kama mume wako wa zamani alikubali kupimwa ulipoacha kushika mimba. Ninasema kwamba daktari wa wanawake anaweza kukuuliza maswali ambayo mganga hawezi, na kwamba, uolewe na nani au usiolewe kabisa, una haki ya kujua mwili wako ulipitia nini.

Umeuliza kama ni dhambi. Mimi si mwanachuoni, nami ningependa umwendee sheikh unayemwamini, anayesikiliza kabla ya kusoma. Lakini lililo wazi nitakukumbusha. Kuwapo kwa majini si ushirikina wa Pangani. Qurani inawataja, inasema waliumbwa kwa moto, na katika Suratul Jinn wao wenyewe wanasema kwamba miongoni mwao wamo walio wema na walio kinyume cha hivyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kila jini ni adui, amezidisha. Ndoa ni habari nyingine. Wanachuoni wengi hawakuikubali, wakishika aya ya Suratul Rum kwamba Mungu amekuumbieni wenza kutokana na nafsi zenu. Imepokewa pia kutoka kwa Imamu Malik kwamba aliichukia, kwa kuhofia mwanamke akutwe na mimba, aulizwe mumewe ni nani, naye ajibu kwamba ni jini. Nimelifikiria sana jibu hilo la karne nyingi, kwa sababu ndani yake kuna mwanamke aliye peke yake mbele ya watu, na yule aliyempenda hayupo wa kumtetea.

Hapo ndipo na mimi ninapotaka tusimame. Tuseme tumeliweka kando swali la kama ni mtu au jini, maana mimi siwezi kulikata nikiwa huku, na wewe umeshindwa kulikata ukiwa karibu naye hatua moja. Bado anabaki mchumba, na mchumba huulizwa. Umekaa naye zaidi ya mwaka mmoja na hujui kwao, hujui anafanya kazi gani, hujui anashuka kwenda wapi. Yeye anajua jina lako la utotoni. Anachokutaka ni usiku, upweke na siri. Mwanaume wa Temeke angekuambia maneno hayohayo, ungemjibu nini? Wapo watu wa damu na nyama ambao hujifunza habari za mwanamke mpweke kwa subira, humtengenezea heshima na harufu nzuri, na baadaye humwita mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Wapo pia, Mungu atuepushe, wanawake wenye huzuni nzito ambao sauti ya mapenzi imewaongoza mpaka ndani ya bahari. Sikusingizii wala simsingizii. Lakini unapoishi kwa dakika kumi na saa zilizobaki unazihesabu tu, nami ninahesabu pamoja nawe, na ninaogopa.

Kwa hiyo ninakusihi, na hili silisemi kama mshauri bali kama mama, Ijumaa ile usiende peke yako. Mwambie abadilishe masharti. Mwambie aje mchana, aketi barazani kwa baba mdogo, anywe kahawa. Au kama hilo ni zito, ashuke nawe upande wa Feri siku moja, mtembee mpaka soko la samaki, umnunulie kipande cha pweza mbele ya watu. Mtazame anavyolipokea neno "hapana" likitoka kinywani mwako, maana katika barua nzima sijaona mahali ulipowahi kumwambia. Asubuhi mbili tatu vuka na rafiki wa ofisini bila kumweleza lolote, kisha mwulize jioni alimwona nani ubavuni. Ninajua jaribio hili linaweza kukuvunja moyo kwa njia yoyote litakavyotoka. Akimwona, utakuwa na mtu wa kuuliza habari zake. Asipomwona, utakuwa na jambo jingine la kutafakari, nawe hutakuwa peke yako unapolitafakari.

Njia nyingine zote zina bei yake. Kusomewa Qurani na mtu mcha Mungu, hadharani, shangazi akiwapo, sioni kama kutakudhuru, na pengine kutaipumzisha nyumba nzima. Ila ukisomewa huku moyoni unaomba asiondoke, utatoka umegawanyika kuliko ulivyoingia. Kwenda kwa mganga kwa siku saba ni jambo ninalolihofia zaidi. Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawataka waganga wasajiliwe na Baraza lao. Muulizeni cheti chake. Na hata akiwa nacho, mwanamke kulala kilingeni usiku saba bila ndugu ni sharti linalofanana mno na lile la ufukweni: usiku, upweke, siri. Ajabu ni kwamba shangazi aliposikia habari za yule wa pantoni alilia, na kwa huyu amekupeleka mwenyewe.

Daktari wa afya ya akili nimemweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ningemtaja kwanza ungeikunja barua hii. Katika hospitali za rufaa wapo watu wanaosikiliza habari za majini kila juma bila kucheka. Kumwona mmoja wao si kukiri kwamba una wazimu. Ni kumpa mtu mwingine nafasi ya kuuliza kuhusu usingizi, kuhusu chakula, kuhusu huzuni ya watoto wawili ambao sidhani kama kuna mtu aliyekaa matanga nawe kwa ajili yao.

Na mwalimu? Maskini, katika barua yako yeye amepata mstari mmoja. Hana harufu ya udi wala kanzu kavu, ana watoto wawili na makaburi yake mwenyewe. Simpigii debe. Hata baba mdogo hana ruhusa ya kukuoza ili kukutoa pantonini, maana ndoa ikifanywa dawa, aliyeolewa na aliyeoa wote huumia. Lakini mwalimu naye anastahili kujibiwa na mtu aliyemtazama usoni, kwa ndiyo au kwa hapana. Unaweza pia kuomba muda. Miezi mitatu si mingi kwa mtu mwenye nia njema, awe wa Kigamboni au wa Makatumbe, na namna kila mmoja atakavyosubiri itakueleza mengi kuliko nitakavyoweza mimi.

Jambo moja sijaacha kulifikiria. Uliandika kwamba mume wako hakuwahi kusimama kati yako na upepo. Hicho unachokitamani ni cha haki, mwanangu, na hakikuanza siku ile ya kusi. Ulikuwa nacho miaka yote sita, hukupata wa kumwambia. Usikubali mtu yeyote, si shangazi, si mganga, wala mimi, akuambie kwamba kukitamani ndiko kulikokuletea balaa.

Niandikie kabla ya Ijumaa hiyo, hata mistari miwili. Na usiku wenyewe, ukiona miguu inakupeleka Mjimwema, mwamshe shangazi, mwambie akuandalie chai, akusimulie habari za bibi yako aliyekuwa kiti: aliishi vipi, alizaa wangapi, na kama aliwahi kuulizwa naye alikuwa akitaka nini.